Kwani Si Uko Nyumbani?

Mwezi wa kwanza wa masomo yangu ya uzamili nilipokea waraka wa kurasa nne kutoka chuoni. Ulihusu namna ya kusoma kwa mtandao ukiwa nyumbani bila kupoteza umakini. Ushauri wa kwanza: chagua chumba tulivu chenye mwanga wa kutosha, ukifanye kuwa cha kusomea tu. Wa pili: tafuta meza, na kiti kinachoegemeza mgongo vizuri. Wa tatu: waeleze watu wa nyumbani kwamba ukishafunga mlango wasikusumbue. Uliendelea hivyo hadi wa kumi na mbili, uliosema kwamba siri ya mafanikio ni nidhamu.

Niliusoma nikiwa nimekaa juu ya gogo la mpaini kando ya barabara, mita kama mia mbili kutoka nyumbani, kwa kuwa pale ndipo mtandao unapopanda. Ilikuwa Juni. Anayeijua Shume mwezi Juni hahitaji maelezo. Asiyeijua ajue kwamba huku juu Lushoto ukungu huingia hadi jikoni, nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka, na mtu huandika ujumbe kwa kidole gumba kimoja huku mkono mwingine umeufutika ndani ya sweta. Nilimaliza kurasa zile nne, nikaangalia nyumba yetu kule chini, nikajaribu kwa moyo safi kabisa kutafuta chumba tulivu.

Tuna vyumba vitatu na sebule, na tuko watu saba. Bibi na mama wanalala kimoja, mimi na wadogo zangu wawili wa kike kimoja, kaka yangu na mdogo wangu wa kiume cha tatu. Msimu wa viazi, sebule si sebule tena, ni ghala. Baba alitangulia mbele ya haki mwaka 2017, kwa hiyo hata ile kauli ya "mwacheni, baba amesema anasoma" hatunayo. Chumba tulivu pekee nilichoweza kukifikiria ni choo, nacho hakina umeme.

Hapa ndipo nilipoanza kukasirika. Naandika haya kwa sababu hasira hiyo haijapoa, na kwa sababu naamini wapo wengi wanaoiona kwao ni udhaifu wao wenyewe.

Agosti nilifanya jambo ambalo mwanafunzi wa utafiti anatakiwa kulifanya: nilihesabu. Kwa siku kumi na nne, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, muda ambao nilikuwa nimeutenga kwa kusoma, niliweka daftari pembeni na kupiga mstari kila nilipoitwa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amemaliza kidato cha sita, yuko nyumbani anasubiri kwenda chuo. Yeye alikuwa hana kipindi wala mtihani. Nikampigia na yeye mistari yake.

Mimi niliitwa mara 73. Yeye aliitwa mara 9, na kati ya hizo, mara 4 ni kuulizwa kama ameshakula.

Niliitwa kuchota maji, kuchochea moto, kumshika mtoto wa jirani, kumtafutia bibi dawa zake, kupokea mgeni, kuosha karoti, kuosha karoti tena, na kuosha karoti kwa mara nyingine kwa sababu lori linakuja leo badala ya kesho. Niliposita, jibu lilikuwa lile lile, limesemwa bila ubaya wowote: "Kwani si uko nyumbani?"

Sitaki mtu amwelewe mama vibaya. Mama hanisumbui. Mama anafanya kazi, na mimi ni sehemu ya nguvu kazi ya nyumba hii tangu nilipoweza kubeba ndoo ya lita tano. Karoti zikishang'olewa hazisubiri. Lazima zioshwe, zifungwe, zifike barabarani kabla dalali hajaondoka. Lori likikuacha, umelala na mzigo, na bei ya kesho huipangi wewe. Bando ninalolitumia kusikiliza mihadhara linanunuliwa na karoti hizo hizo. Nikifunga mlango nisizioshe ili nisome, nimekata tawi nililolikalia. Mwandishi wa waraka ule aliiona familia kama kelele. Kwa wengi wetu familia ndiyo mfadhili, na mfadhili haambiwi asikusumbue.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Muhula wa kwanza nilipangiwa kuwasilisha mada kwenye semina ya saa kumi jioni. Dakika kumi na tano tu, na nilikuwa nimeziandaa kwa wiki tatu. Saa tisa na nusu mvua ilianza. Nyumba zetu ni za bati, na mvua ya Usambara ikipiga bati hata aliye karibu nawe anabaki kuona midomo yako ikichezacheza. Saa tisa na dakika arobaini na tano umeme ukakatika. Simu ilikuwa na chaji asilimia 31. Nilikimbilia kibanda cha jirani kilicho karibu na barabara, ambako huwa wanafungia mboga, nikaingia semina nikiwa nimelowa. Mhadhiri akasema, "Washa kamera." Nikawasha. Nyuma yangu wanaume wawili walikuwa wanashona viroba, na mdogo wangu alikuwa amesimama na mwavuli akinisubiri. Wenzangu kadhaa walicheka. Mhadhiri hakucheka. Alisema mazingira yangu hayaonyeshi kwamba nimeichukulia semina kwa uzito.

Niliwasilisha. Dakika ya tisa picha ikaganda. Nilipofanikiwa kurudi, alikuwa ameshamwita mtu mwingine.

Alama za ushiriki zilikatwa. Niliandika barua ya heshima nikieleza mvua, umeme na mtandao, nikaomba nirudie au nitume sauti niliyoirekodi. Jibu lilikuwa sentensi moja: "Mwanafunzi ana wajibu wa kuandaa mazingira yake ya kujifunzia."

Nimeikariri sentensi hiyo, na kadiri ninavyoikariri ndivyo ninavyoona kwamba ndiyo moyo wa jambo zima. Nilipokuwa nasoma shahada ya kwanza, mazingira ya kujifunzia aliyaandaa nani? Chuo. Kulikuwa na maktaba, na ndani ya maktaba taa ambazo sikuzilipia kwa tokeni za LUKU. Kulikuwa na viti, meza, ratiba ukutani, na mlinzi aliyewanyamazisha wapiga soga. Kulikuwa na bweni lililokuwa mbali na karoti, na umbali huo ulikuwa sehemu ya elimu yenyewe. Mama hakuweza kuniita. Hakuna aliyesema nina nidhamu. Nilikuwa na maktaba.

Leo ninasoma nikiwa Shume, na ada yangu haikupungua hata shilingi moja kwa kuwa sikalii kiti chao wala sichomi taa yao. Gharama za kiti, taa, ukimya na mtandao hazikufutika. Zimehamia nyumbani kwetu. Analipa mama, analipa mdogo wangu anayeosha karoti zangu, ninalipa mimi kwa usingizi. Na aliyetuhamishia mzigo huo ametuachia pia jina la kuuita, ili tukishindwa kuubeba tujilaumu wenyewe. Jina lenyewe ni nidhamu.

Najua mtajibu nini, kwa sababu nimeshajibiwa. Wa kwanza ataniambia mchagua jembe si mkulima. Ni methali nzuri, na sisi huku ni wakulima, kwa hiyo tunaielewa. Inamkemea mwenye majembe mawili anayesimama kuchagua huku jua likipanda. Haikumkusudia asiye na jembe kabisa. Sijawahi kumwona mkulima wa Shume akiambiwa achimbe tuta kwa kucha ili aonyeshe moyo.

Wa pili ataniambia wazee wetu walisoma kwa koroboi na wakawa mawaziri. Kweli walisoma kwa koroboi. Lakini asubuhi walikwenda mahali paitwapo shule, palipokuwa na mwalimu, dawati na kengele, na wengi wao wanasimulia jinsi serikali ilivyowapa hata hati za kusafiria kwenda kwenye shule za bweni. Koroboi ilikuwa ya kufanyia marudio tu. Hakuna aliyewaambia koroboi ndiyo shule.

Wa tatu ataniambia tatizo ni simu, nifute baadhi ya programu. Huyu ana sehemu ya ukweli, nami nitaikiri. Kati ya siku zile kumi na nne zipo mbili ambazo hakuna aliyeniita kwa saa nzima, na saa hiyo niliimaliza nikitazama video za watu nisiowajua wakipamba keki. Nimechelewesha kazi kwa uvivu wangu mwenyewe zaidi ya mara moja. Nidhamu ipo, na yangu ina matundu. Ninachosema ni kwamba mwenzangu anayesoma kwenye chumba chake cha kupanga Sinza naye anatazama keki, lakini keki zake zinamgharimu saa moja kati ya nane. Mimi zinanigharimu saa moja kati ya mbili. Uvivu ule ule, adhabu mbili tofauti.

Tena kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari katika pwani yetu ya Afrika Mashariki zilikatika, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku kadhaa watu wa mjini, wenye vyumba tulivu na viti vya kuegemea, walionja maisha ya kwenye gogo la mpaini. Miamala ilikwama, mikutano ilivunjika. Sikusikia siku zile mtu yeyote akiyashauri mabenki yaongeze nidhamu. Kila mmoja alielewa kwamba waya umekatika na unapaswa kuunganishwa. Waya wetu huku hukatika kila mvua inaponyesha, na tunatumiwa kurasa nne za maadili.

Bibi yangu ndiye aliyenifundisha kwamba mambo hayakuwa hivi siku zote. Jioni moja aliniuliza kwa nini ninaongea peke yangu na simu. Nikamweleza kwamba niko darasani. Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe ni kama Mtu ni Afya."

Wengi wa rika langu hawalijui jina hilo. Mtu ni Afya ilikuwa kampeni ya kitaifa ya mwaka 1973 ya kufundisha watu afya kwa njia ya redio. Takriban watu milioni 2 walishiriki, wengi wao vijijini, wengi wao wakiwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Ilikuwa elimu ya masafa kama hii yangu: mwalimu yuko mbali, sauti inakuja hewani. Lakini angalia ilivyopangwa. Hakuna aliyeambiwa asikilize peke yake chumbani kwake. Waliunda vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo kabla, kulikuwa na vitabu vilivyochapishwa kwa lugha nyepesi, na kulikuwa na saa moja iliyojulikana na kijiji kizima. Kipindi kikiisha, watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Bibi anasema saa ya redio ikifika, hata mama mkwe wake hakumtuma popote, kwa sababu mama mkwe mwenyewe alikuwa anakwenda.

Hilo la mwisho nilitaka kulipigia mstari kwa wino mwekundu. Bibi, mke kijana wa kijijini, alikuwa na muda wake wa kusoma usioguswa na mtu, bila mlango wa kufunga. Ulilindwa na mpango wa watu wengi. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, mjukuu wake mwenye shahada hana muda huo, ingawa simu yake ina uwezo mkubwa mara elfu kuliko ile redio.

Na si kwamba tulisahau kwa kukosa ukumbusho. Machi 2020 shule na vyuo vilifungwa kwa sababu ya Korona. Vyuo na kidato cha sita vilirudi tarehe 1 Juni, wengine tarehe 29 Juni. Nilirudi Shume na begi moja, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni, lakini hapakuwa na kikundi, kiongozi wala saa ya kijiji. Wadogo zangu walisikiliza siku mbili, siku ya tatu wakaenda shambani. Tulipaswa kujifunza kitu pale. Tulichojifunza ni kwamba masomo yanaweza kutumwa nyumbani. Hatukuuliza nyumbani kuna nini.

Sasa, ili nisionekane nimekuja kulia tu, nieleze kilichonisaidia, maana bado nasoma na muhula huu sijashindwa somo lolote.

Hakikuwa ratiba yenye rangi. Niliwahi kuichora, nikaibandika ukutani, ikaliwa na unyevu. Kilichonisaidia ni lile daftari la mistari. Usiku mmoja baada ya kula nililisoma kwa sauti: mimi 73, yeye 9. Sikumlaumu mtu. Pakawa kimya. Mdogo wangu alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Mama akasema, "Sikujua ni mara nyingi hivyo, mwanangu." Nilimwamini. Kazi ikishazoeleka haihesabiki mpaka mtu aihesabu.

Tukakubaliana. Siku tatu kwa wiki, saa tatu hadi saa sita, nikijifunga kilemba chekundu maana yake niko darasani hata kama nimekaa jikoni. Maji ni ya mdogo wangu. Lori likija ghafla kilemba kinavuliwa, hakuna mjadala, na saa zilizopotea ninarudishiwa jioni. Bibi ndiye mlinzi wa kilemba, na ni mkali kuliko yule mlinzi wa maktaba. Mihadhara ninaipakua alfajiri saa kumi na moja, mtandao ukiwa haujajaa watu, kisha ninaisikiliza bila intaneti nikiwa ninaosha karoti. Nimegundua nadharia nyingi za sera ya elimu huelewekea vizuri majini.

Lakini nisikilize vizuri, wewe unayetaka kuchukua kilemba changu ukakiweke kuwa ushauri wa kumi na tatu kwenye waraka wako. Mpango huu umewezekana kwa sababu mama ni mwelewa, bibi ana sauti, na mdogo wangu alikuwa anasubiri chuo. Ameshaondoka. Maji yamerudi kwangu na kwa wasichana wawili wadogo, ambao nao wana shule. Nimenunua umakini wangu kwa kuwakopa wao. Huo nao ni usimamizi wa muda, ila ni muda wa wengine.

Kwa hiyo ninadai, na ninachodai si kikubwa. Chuo kinachofundisha kwa mtandao kirekodi kila mhadhara na kuutoa kama sauti nyepesi isiyomaliza bando. Kiache kulazimisha kamera, maana kamera haipimi akili ya mtu, inapima ukuta ulio nyuma yake. Kazi zipangiwe siku za kupokelewa, si saa moja ya usiku tarehe fulani, ili umeme ukikatika saa kumi na mbili mtu asipoteze muhula. Na sehemu ya ada yangu inayolipia majengo nisiyoyakanyaga irudi karibu na mimi.

Irudi wapi? Karibu kila kata ina shule ya sekondari, na vyumba vyake hukaa vimefungwa tangu jioni hadi asubuhi. Umeme wa vijijini umefika sehemu nyingi. Tunaambiwa tuunganishe nyumba kwa shilingi 27,000, na wengi tumeunganisha. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili mawasiliano yafike mahali ambapo biashara peke yake haiwezi kuyafikisha. Unganisha hivyo vitatu: chumba kimoja, taa, na intaneti, kuanzia saa kumi jioni hadi saa tatu usiku, na mtu mmoja wa kukifungua na kukifunga. Mwanafunzi wa uzamili akae humo na mwalimu anayejiendeleza, na binti wa kidato cha nne ambaye kwao akishika kitabu tu anakumbuka hajaosha vyombo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilielewa mapema kwamba anayesoma mbali anahitaji mahali karibu, ndiyo maana kina vituo mikoani. Kutoka mkoa hadi kata ni suala la kuamua.

Wakati wa Wajerumani palijengwa njia ya waya ya juu kutoka Shume hadi Mkumbara, chini kabisa tambarare penye reli, kwa ajili ya kushusha mbao za misitu yetu. Mlima ulikuwa ule ule, mwinuko ule ule, na ukungu wa Juni ulikuwepo. Hakuna aliyesema haiwezekani kwa sababu kilichokuwa kinashuka kilikuwa na thamani. Leo karoti na kabichi zinashuka kila siku kwa malori hadi Dar es Salaam. Kinachotakiwa kupanda huku ni kidogo na hakina uzito: sauti ya mhadhiri na taa ya kumsikilizia.

Kesho nina semina saa kumi jioni. Nimeshachaji simu na betri ya akiba ya kuazima. Mama ameniambia dalali amepiga, lori linaweza kuja kesho, linaweza kuja keshokutwa. Kilemba nimekitundika msumarini karibu na ndoo.